Redio zinachunguzana, msikilizaji anaulizwa na nani?

MAPEMA mwaka huu binti mmoja niliyemfundisha Kiswahili miaka kadhaa iliyopita alikuja nyumbani kwangu jioni, daftari mkononi, sura kama ya mtu aliyetoka msibani. Amepata kazi katika redio ndogo ya huku kwetu kusini. Mkurugenzi wake alimtuma sokoni Nyanza-Lac kwa siku tatu akawaulize watu maswali matatu tu: unasikiliza redio gani, saa ngapi, na kwa nini. Alirudi na majibu ya watu zaidi ya mia. Karibu wote walisema wanasikiliza redio ya taifa. Redio yake mwenyewe ilitajwa na watu wanne, na ile redio shindani, ambayo mkurugenzi hapati usingizi kwa ajili yake, haikutajwa na mtu hata mmoja.

Mkurugenzi aliposoma majibu hayo alisema ni moja kati ya mambo mawili. Ama binti hakukanyaga sokoni, akajaza daftari akiwa kwao, ama amenunuliwa na wale wa upande wa pili ili awafichie siri. Akampa wiki moja ajieleze.

Sasa mimi soko lile nalijua. Kila Jumamosi napita pale kununua ndagala (dagaa, kama tulivyozoea kuwaita tulipokuwa ng'ambo), na masikio ninayo. Kwa fundi cherehani redio shindani inalia tangu asubuhi. Vijana wa pikipiki wanasikiliza mpira, redio yoyote itakayokuwa nao. Akina mama wa samaki wanafungulia redio za Kigoma pale mawimbi yanapokubali, kwa sababu kule ndiko waliko wateja wao na ndugu zao. Redio ya taifa husikika saa ya taarifa ya habari na matangazo ya misiba, basi. Kwa hiyo binti alikwenda sokoni kweli, na watu zaidi ya mia walimdanganya. Nilitaka kujua kwa nini.

Kesho yake nilifuatana naye. Mama mmoja muuza samaki, ambaye tulirudi naye nchini mwaka mmoja, alicheka aliponiona na daftari lile lile. "Mwalimu," akaniambia, "mtu usiyemjua akija na kalamu akakuuliza unasikiliza redio gani, hakuulizi redio. Anakuuliza wewe ni wa nani."

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaosoma ukurasa huu ni watu walioandikwa sana. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, Tabora, wazazi wangu wakiwa wamekimbia mwaka 1972. Tangu utotoni nimeona watu wakija na madaftari: wa mgao, wa kuhesabu kaya, na mwishoni wale waliokuja kuuliza nani anarudi Burundi na nani anaomba uraia wa Tanzania. Wenzetu wapatao 162,000 walipewa uraia huo. Sisi tuliochagua kurudi tulizidi 50,000. Jibu la dakika tano mbele ya meza ya mbao liligawa ukoo, kaka huku, dada kule. Waliokimbilia Nyarugusu, Nduta na Mtendeli baada ya mwaka 2015 nao wana meza zao za kukumbuka. Mtu wa namna hiyo akiona kalamu, kwanza anajiuliza jibu lipi halina madhara, ndipo anajibu.

Na redio hapa kwetu haijawahi kuwa chombo cha muziki tu. Mei 2015, siku zile za jaribio la mapinduzi, vituo vya RPA, Bonesha FM na Isanganiro vilishambuliwa na kuharibiwa, na Rema FM nayo haikusalimika. Kila mmoja wetu alijua, au alidhani anajua, kituo kipi kinasikilizwa na watu wa aina gani. Isanganiro na Rema FM zilirudi hewani Februari 2016. Bonesha ilisubiri hadi mwaka 2021. Kwa miezi ile ya ukimya watu walijifunza kupunguza sauti ya redio mgeni anapobisha hodi. Mazoea hayo hayaondoki kwa sababu eti kijana wa watu ametumwa na ofisi yake.

Kwa hiyo daftari la binti lilikuwa limejaa hofu, na mkurugenzi akalisoma kama hesabu ya wasikilizaji. Alikuwa karibu kumfukuza mtu kazi kwa hesabu hiyo.

Nilikwenda kumwona. Nakiri nilikwenda nikiwa na hasira, lakini ni mtu mwungwana, akanikaribisha chai na kunieleza biashara yake kwa saa mbili nzima. Nilitoka pale nikiwa najua mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria, ingawa redio naisikiliza tangu enzi za betri za National na Radio Tanzania Dar es Salaam. Nitayaeleza kwa kirefu kidogo, maana wafanyabiashara wa mpakani watayaelewa upesi kuliko sisi walimu.

Redio ya wilaya haiuzi muziki. Inauza masikio ya watu kwa wenye matangazo: kampuni za simu, bia, sabuni, mabenki, na mashirika ya misaada yanayolipia vipindi vya afya na kilimo. Mfuko wa matangazo huku kusini ni mdogo. Kinachoingia kwa jirani ndicho kilichokosekana kwako. Hivyo kila kituo kinataka kujua jirani analipwa na nani, kiasi gani, na kwa nini.

Njia ya kwanza ni rahisi na haina dhambi yoyote. Kuna kijana anakaa chumba cha nyuma na redio mbili ndogo, kuanzia saa 12 asubuhi, anaandika kila tangazo la washindani: saa, urefu, na jina la mwenye tangazo. Tangazo likitoka mara 6 kwa siku kwa siku 30, hiyo ni mara 180. Bei ya tangazo moja inajulikana, imebandikwa ukutani kwa mshindani ambapo yeyote anayepeleka tangazo la msiba anaisoma. Zidisha, halafu toa theluthi moja, kwa sababu hakuna mteja mkubwa asiyeomba punguzo. Umekwisha kujua jirani anaingiza nini kwa mteja yule. Mkurugenzi alinionya lakini kwamba hesabu hii inadanganya. Vituo vingine hurudia tangazo bure baada ya mkataba kwisha, ili vionekane vina wateja. Mwenye sikio zuri hutambua: tangazo la bure hutupwa saa mbovu, usiku au mchana wa joto, na halibadilishwi hata sikukuu iliyotajwa ndani yake ikiwa imepita.

Ukimya nao unasema. Kituo kikipiga muziki saa mbili mfululizo bila sauti ya mtu, mtangazaji ameondoka au hajalipwa. Kikipotea jioni na kurudi asubuhi, mafuta ya jenereta hayapo. Kipindi kikirudiwa mara tatu kwa wiki, mfadhili wake amejitoa, na hapo ndipo mshindani anapovaa shati safi kwenda kumwona mfadhili huyo.

Kuna na habari ya pikipiki. Fundi mitambo wake hupanda pikipiki na redio ya mfukoni, akapita kilima kwa kilima kuelekea Mabanda na kule Rumonge, akiandika ni wapi sauti ya mshindani inaanza kukoroma na wapi inazimika. Akirudi ana ramani ambayo hata mwenye mnara hana. Milima yetu ni kitu cha ajabu: unasikia kituo vizuri mbele ya nyumba, ukienda kuchota maji nyuma ya nyumba hakipo.

Kilichonifurahisha zaidi ni salamu. Tuliokulia Tanzania tunazikumbuka kadi za salamu, unaandika majina ya shangazi na wajomba wote na jina lako mwishoni kwa madoido. Siku hizi watu wanapiga simu au kutuma ujumbe, lakini wanataja walipo vile vile. Mkurugenzi huhesabu: salamu ngapi zimetoka Kabonga, ngapi Mukungu, ngapi Mabanda, ngapi za wanawake, ngapi kabla ya saa 2 usiku. Bila kumuuliza mtu swali hata moja, ameshachora wasikilizaji wa jirani yake. Nilimwambia huo ni ualimu mzuri wa hesabu, akacheka.

Sasa, nisieleweke vibaya. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Neno lililokwisha kwenda hewani si siri ya mtu, na bei iliyobandikwa ukutani imebandikwa isomwe. Mchuuzi wa Manyovu naye huchungulia meza ya jirani kabla hajapanga bei ya vitenge vyake, na hatumwiti mwizi.

Ugomvi unaanza mbele kidogo. Bila kutaja majina, huku kwetu ziko redio ambazo zimekwenda mbali zaidi ya hapo. Mtangazaji wa kituo kimoja aliitwa kwenye usaili wa kazi katika kituo kingine. Akaulizwa kwa upole, kama kumpima uzoefu: wateja wenu wakubwa ni akina nani, mkataba wa shirika lile unaisha lini, mnalipwaje. Kijana akajieleza vizuri, maana alitaka kazi. Kazi yenyewe haikuwapo. Miezi miwili baadaye shirika lile lilihamisha kipindi chake, na kwa waajiri wake kijana akawa msaliti. Wapo pia wanaojitambulisha kama watu wa shirika la misaada ili waoneshwe orodha ya wasikilizaji na namba zao za simu. Hili la pili mimi nalihesabu baya zaidi, kwa sababu kinachochukuliwa pale si mali ya redio. Ni namba ya mama aliyepiga simu kutuma salamu za mtoto mgonjwa, naye hakumpa mtu ruhusa ya kuigawa.

Mkurugenzi alinijibu kwa swali: "Mwalimu, wao wakifanya na mimi nisifanye, nitafunga lini?" Ni swali la haki. Ana wafanyakazi tisa. Hana uwezo wa kununua utafiti kama wakubwa wa Nairobi, ambako kampuni ya Steadman ilihesabu wasikilizaji kwa miaka mingi, ikanunuliwa na Synovate, na yote ikaishia mikononi mwa Ipsos mwaka 2011. Huku hakuna anayetuhesabia. Nami sikuwa na jibu la fedha la kumpa.

Lakini nilikuwa na jambo jingine. Katika saa zile mbili alinieleza yote kuhusu jirani yake, mpaka mtangazaji yupi amegombana na mkewe. Nilipomuuliza yule mama wa samaki anahitaji nini saa 12 asubuhi, alinyamaza. Ndipo nilipoona ugonjwa ulipo. Redio hizi zinajuana sana, na kwa kujuana zimefanana. Mmoja alianzisha kipindi cha ushauri wa mapenzi usiku. Haukupita muda mrefu wote wakawa nacho, saa ile ile, mpaka ukizungusha sindano unadhani umerudi pale pale. Kila mmoja anamwangalia mwenzake, na hakuna anayetazama sokoni.

Tulirudi sokoni, binti na mimi, kwa namna nyingine. Daftari lilibaki mfukoni. Binti alivaa fulana ya redio yake, akasema jina lake, mtoto wa nani, kazi yake ni nini na majibu yatatumika wapi. Majina ya watu hatukuandika. Wala hatukuuliza mtu anasikiliza redio gani. Tuliuliza hivi: wiki hii ni habari gani uliikosa ikakutia hasara?

Hapo watu walifunguka. Tulizungumza na watu 31 kwa asubuhi moja, na wengine walikuja wenyewe kwa kusikia wenzao wakieleza. Wengi walitaja bei ya shilingi ya Tanzania kwa faranga pale Mugina. Ukifika mpakani hujui bei ya asubuhi, wabadilisha fedha wanakujua kwa macho. Wavuvi walitaja upepo wa ziwani. Mwanamke mmoja aliyerudi kutoka Nduta alitaka kujua tu ni wapi anakwenda kubadilisha vyeti vya shule vya wanawe, akasema amezungushwa ofisi tatu. Mzee mmoja alilalamika kwamba matangazo ya ardhi yanasomwa kwa Kirundi cha ofisini, haraka haraka, na sisi abahungutse tuliosomea Kiswahili tunashika nusu.

Nililonalo moyoni hadi leo ni la mama wa samaki mwenyewe. Miaka yote hii amekuwa akivuka na mawese na ndagala zake kwa njia za panya, akilipa huyu na yule, kwa kuamini kwamba mpakani atatozwa ushuru utakaomaliza mtaji. Hakuwahi kusikia kwamba katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinapita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, na hazitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kuwapo, na karatasi za afya na za uhamiaji zinadaiwa kama kawaida, lakini ushuru ule anaouogopa haupo. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007. Tangu wakati huo, hewani ametumiwa salamu ngapi, ameshauriwa mapenzi mara ngapi? Nilipomweleza alikaa kimya, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole alichokwisha kutoa. Nilimwacha akiwa bado anahesabu.

Wenye umri wangu wanaijua Radio Kwizera ya Ngara. Shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilipoianzisha mwaka 1995, wasikilizaji wake walikuwa watu walioshuku kila sauti. Ikapata masikio yao kwa kuzungumza nao juu ya maisha yao ya kambini, na juu ya njia ya kurudi nyumbani. Sidhani kama kuna aliyepita kwenye mahema na kuuliza ni redio ipi nyingine wanaisikiliza.

Nilimpelekea mkurugenzi majibu ya watu wale 31. Aliyasoma yote, hilo nampongeza. Akauliza swali la mfanyabiashara: "Nikianza kusoma bei ya Mugina kesho, jirani hataiga keshokutwa?" Nikamwambia ataiga, tena hatangoji keshokutwa, maana naye ana kijana wake wa chumba cha nyuma. Akasema basi atafikiri.

Alifikiri muda mrefu. Wiki mbili baadaye, saa 12 na nusu asubuhi, nikiwa napiga mswaki, nilisikia bei ya shilingi pale Mugina ikisomwa, ya kununua na ya kuuza, kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilifurahi hadi mtangazaji alipotaja jina la kituo. Ilikuwa redio shindani.

Unaweza kukisia kilichofuata. Binti ameitwa tena ofisini, na safari hii tuhuma ni kwamba ameuza majibu. Nimeombwa niandike barua ya kumtetea, nami nimeandika, ila naona afadhali na hapa niseme. Hakuuza kitu. Aliuliza maswali yake soko likiwa limejaa, kwa sauti, akiwa amevaa fulana yenye jina la mwajiri wake, na fundi cherehani anayefungulia redio shindani alikuwa hatua nne kutoka pale tulipokaa. Ukiuliza hadharani, majibu nayo ni ya hadharani, na mshindani atayasikia. Hiyo ndiyo gharama yake na sikuificha. Faida yake ni kwamba watu walisema kweli, na kituo chake ndicho kilichokuwa nayo wa kwanza, kwa wiki mbili nzima, kikailalia.

Upepo wa ziwani bado hautangazwi na yeyote kati yao. Wala cheti cha mpakani, wala mambo ya vyeti vya shule. Majibu yote 31 yako kwenye meza ya mkurugenzi, na binti yuko kwenye muda wa majaribio hadi mwisho wa mwezi.

Mwandishi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, Nyanza-Lac. Alisoma Tanzania na kurejea nchini mwaka 2009.